Mpira Uliogusa Chokaa

Mignonne ndiye aliyelileta balaa, tena kwa huruma. Alikuwa akihudumia wazee katika nyumba moja ya kutunzia wazee huko Laeken, Ubelgiji, na mzee mmoja Mbelgiji alimshinda. Usahaulifu ulikuwa umemla Kifaransa chote, ukamwachia Kiswahili cha Bukavu alikokulia. Asiyemjibu kwa lugha hiyo alitupiwa kikombe.

"Papa, kuya umusemeze kidogo," akamwomba baba yake. "Uko tu mu nyumba kila siku. Bon, utapata kazi."

Papa Hilaire, miaka themanini na saba, akapiga pasi suruali yake nyeupe, akapanda metro kutoka Saint-Gilles alikoishi. Mlangoni mwa chumba akasoma jina, akalisoma tena. Ghislain. Shoka husahau, mti hausahau, na shoka lenyewe lilikuwa limekaa kwenye kiti cha magurudumu likitafuna biskuti.

Mwaka 1958 Hilaire alikuwa karani wa posta huko Bukavu. Yeye na makarani wenzake walitwanga matofali mabovu, wakatandaza vumbi lake, wakajitengenezea uwanja wa tenisi. Walicheza kwa ridhaa, bila senti wala mwalimu. Ghislain, mtoto wa meneja wao, akakubali kupambana naye Jumapili alfajiri, bila watazamaji wala mwamuzi. Hilaire akishinda, jina lake lingeandikwa kwenye mashindano ya mkoa, ambako hakuna mweusi aliyewahi kucheza.

Katika mchezo wa namna hiyo, mpira ukianguka upande wako, wewe ndiye unayesema umeingia au umetoka, na mwenzio hakubishii. Huo ndio uungwana wao. Mpira wa ushindi wa Hilaire uligusa mstari wa upande wa Ghislain, yaani uliingia, chokaa ikaruka. Ghislain akaitazama chokaa, akamtazama Hilaire, akasema, "Inje." Mkono wa Hilaire ukafa papo hapo. Akafungwa, na raketi akaitundika. Mignonne aliijua hadithi hiyo tangu utotoni; jina la Ghislain tu ndilo hakulisikia, kwa kuwa baba yake hakutaka kulitamka nyumbani mwake.

Sasa Hilaire alitaka neno moja tu kabla hajafa: kwamba mpira ule uliingia.

"Ule mupira wa Bukavu," akamwambia, "ulikuwa ndani, ao inje?"

"Mupira gani, papa?" Ghislain akauliza, akatabasamu kama mtoto aliyeoshwa.

Hilaire alikuwa akija kila Alhamisi, akamuuliza hivyo Alhamisi sita. Alhamisi ya saba hasira ikampanda, hasira chafu ya mtu aliyeibiwa na mwizi asiyejua kama aliiba. Wauguzi walikuwa wakiwachezesha wazee puto ili kunyoosha mikono. Hilaire akabandika plasta katikati ya meza ndefu iwe kama wavu, akaweka sharti: anayekosa anatoa biskuti yake. Ghislain alizipenda zile biskuti za mdalasini kuliko watu.

Kanuni ya kale ilikuwa haijamtoka Ghislain. Puto likianguka upande wa Hilaire, alingoja Hilaire aamue.

"Inje," Hilaire akasema.

"Pardon, monsieur. Kama unasema inje, iko inje." Akaisukuma biskuti.

Ikawa hivyo kila Alhamisi, miezi miwili. Hilaire alizila biskuti zote polepole, mbele ya macho ya Ghislain, hata alipokuwa ameshiba. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu! Na ule uchungu, niseme kweli, ulimnogea Papa Hilaire.

Alhamisi ya mwisho, Ghislain aliuinua mkono wake wa kulia kwa shida, akalipiga puto vizuri sana. Likatua taratibu katikati ya upande wa Hilaire, mbele ya kifua chake.

"Inje."

 Ghislain akalitazama puto, akaitazama plasta, machozi yakamtoka. Hata hivyo akaisukuma biskuti. "Pardon, monsieur."

Hilaire akaing'ata.

"Papa," Mignonne akasema. Alikuwa mlangoni, sinia la vikombe mkononi. "Ile iliingia. Nimeona."

Miaka sitini na saba alikuwa amengoja mtu wa kusema hivyo. Akakishika kile kipande kilichobaki, asikile.

"Mignonne, hauyue huyu ni nani. Ni yeye njo ule wa—"

"Nimeona, papa. Alhamisi usikuye tena hapa."

Akaweka sinia mezani, akamwondolea baba yake kile kipande mkononi, akampelekea Ghislain.