Dobi Kwenye Jiwe la Kiapo

Waluka aliposikia kwamba dobi wa mfalme ametajwa kwenye jiwe la kiapo na yeye hakutajwa, alilirudisha tonge la ugali wa sagu sahanini.

"Dobi? Dangsu huyu huyu anayefua nguo?"

"Huyo huyo," akajibu mkewe, Nirmi, huku akikunja tambuu lake bila haraka. "Mkewe kapita hapa leo, salamu anaitoa kwa pua."

"Na mimi niliyemvusha mfalme mto Musi kwa mitumbwi ishirini, mishale ikinyesha?"

"Ungejifunza kufua, mume wangu."

Jiwe lenyewe lilichongwa vichwa saba vya nyoka kwa juu, na chini yake maneno ya laana. Siku ya kiapo maji yangemwagwa juu ya vile vichwa, yateremke juu ya maandishi, yakingwe, na kila aliyetajwa ayanywe kwa bakuli lake. Mwenye kumficha mfalme jambo, maji yale yangemla tumbo. Walitajwa wana wa mfalme, machifu, waamuzi, makarani na, makubwa haya, dobi. Mtu mwenye akili zake angeshukuru kuachwa nje. Lakini mfalme huyu alikuwa amemeza nchi sita ndani ya miaka mitatu, sasa anapanga watu wake, na Waluka aliona jambo moja tu: anayetajwa ndiye mtu. Wivu ulimkaba hata tambuu akaliona chungu.

Asubuhi alimkuta Dangsu mtoni, miguu majini, akipiga nguo za mfalme kwenye gogo.

"Shikamoo, nahodha," Dangsu akasema kwa moyo mweupe. "Hivi wewe uko mstari wa ngapi kwenye jiwe?"

Waluka akampa mgongo. Alinyoosha moja kwa moja hadi kwa Kertu, mchonga mawe, aliyekuwa akimalizia kazi yake.

"Fundi, niongezee neno moja. Mkuu wa mitumbwi."

"Mfalme hakulisema."

"Amesahau. Ana mambo mengi."

Kertu akaweka patasi chini. "Kaka, hili ni jiwe la laana, si karamu. Wenzako wanaliogopa, wewe unalililia?"

"Mbona dobi yumo!"

"Dobi anashika nguo inayogusa ngozi ya mfalme. Akiipaka sumu, ndiyo basi tena. Anaogopwa yule."

"Kwa hiyo mimi siogopwi?"

Kertu alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimchoma kuliko dharau. Waluka akatoa kiunoni pande la kafuri lenye thamani ya nyati mzima, akaliweka juu ya jiwe. Kertu akalitazama, akatazama barabarani, akaokota patasi.

"Niweke mbele ya dobi."

"Mbele hakuna nafasi. Ni baada yake, au acha."

Waluka akalimeza na hilo.

Siku ya kiapo mfalme alisoma jiwe mwenyewe, kwa sauti, na kila aliyetajwa akasogea, akaapa kwamba hamfichi kitu, akanywa. Dangsu aliapa, akanywa, akapangusa mdomo kwa kiganja. Mfalme akaendelea, "Mkuu wa mitumbwi." Akalisoma tena kimoyomoyo.

"Waluka, hili silikumbuki."

Kertu alikuwa akivitazama vidole vyake vya miguu.

"Nilimwambia karani aliyeandika majina akuache," mfalme akasema. "Nilisema, yule hana haja ya kunyweshwa. Kati ya wote hawa, ni wewe tu ambaye sikuwa na wasiwasi naye. Ni karani aliyekosea, au kuna lingine?"

Kitu Waluka alichokuwa akikitafuta kwa udi na uvumba alikuwa nacho tangu mwanzo, na alikuwa amekiuza mwenyewe, kwa kafuri yake mwenyewe. Angeweza kukiokoa bado. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: ni mimi, Mtukufu, ni wivu tu.

Ndipo Dangsu, aliyemwona siku ile akielekea kwa mchongaji, akamsogelea sikioni. "Sema tu, nahodha," akanong'ona. "Atakusamehe. Hata mimi nitakuombea."

Hata mimi! Dobi amwombee yeye msamaha, mbele ya machifu wote, na jioni mkewe apite kwa Nirmi akisimulia! Damu ilimpanda Waluka hadi masikioni.

"Simfichi Mtukufu kitu," akasema kwa sauti kubwa.

Sura ya mfalme, iliyokuwa imekunjuka kwa ajili ya rafiki, ikafungika.

"Basi kunywa."

Waluka akapokea bakuli. Aliiamini laana ile kama kila mtu pale alivyoiamini. Lakini aliona kwamba Dangsu alikuwa amebakiza maji kidogo kwenye bakuli lake. Waluka akayanywa yake yote, mpaka tone la mwisho, asije dobi akamzidi.