Benchi la Wazazi Wetu Wapendwa

Katika familia ile mimi ni mkwe tu, na mkwe mwenye akili huongea akiulizwa. Ndiyo maana shemeji yangu mkubwa alipotangaza kwamba uani kwetu patatengenezwa Bustani ya Kumbukumbu ya Wazazi, mimi nilikuwa nimeinama nyuma ya friji la mteja, na nikaendelea kuinama.

Kazi yangu ni kutengeneza mafriji. Mke wangu ni fundi cherehani, anashona sare za shule barazani. Tulihamia nyumba ya wazazi wake mama mkwe alipoanza kuugua, tukidhani ni kwa muda mfupi. Mama mkwe akaondoka, baba mkwe akamfuata kabla mwaka haujageuka, na sisi tukabaki na nyumba, paka mmoja mwenye kiburi, na kishamba cha uani. Kishamba chenyewe kilikuwa na mchicha, nyanya, bamia na maboga yaliyokuwa yakitambaa popote yalipotaka. Kila asubuhi, kabla hajakaa kwenye cherehani, mke wangu alikuwa huko nyuma, gauni limefungwa kiunoni, mikono matope mpaka viwikoni.

Shemeji mkubwa tunamwita Mwenyekiti. Alistaafu ukuu wa idara katika ofisi ambayo mpaka leo sijaelewa ilikuwa ikifanya nini, ila najua ilikuwa na vikao vingi. Alipostaafu, vikao vikabaki ofisini na uenyekiti akaondoka nao. Akawa hana wa kuwaongoza isipokuwa sisi.

Tangazo lilikuja kwenye kundi la familia la simu. "Ndugu zangu," aliandika, "kufuatia mashauriano ya kina, imeazimiwa kuwa wazazi wetu wapendwa waenziwe ipasavyo."

"Alishauriana na nani?" mke wangu akaniuliza.

"Labda na mkewe."

"Mkewe amesafiri."

Dada yao wa kati, mwenye duka la mapazia, alijibu papo hapo kwa mioyo myekundu mingi na vikaragosi vinavyolia. Dada huyu kulia anakujua. Machozi yake hayaharibu wanja.

Jumamosi iliyofuata wakaja. Nyuma yao likaja lori lenye nyasi zilizoviringishwa kama mikeka, miche ya waridi kwenye mifuko ya plastiki, na benchi la saruji ambalo wapakuzi walilishusha huku wakitukana kwa sauti ya chini. Kwenye sehemu yake ya kukalia palichongwa maneno: WAZAZI WETU WAPENDWA. Chini yake, kwa herufi kubwa kidogo kuliko hizo, paliandikwa cheo cha zamani cha aliyelitoa.

"Na mboga zangu?" mke wangu akauliza.

"Zitahamishwa," Mwenyekiti akasema.

"Zipelekwe wapi?"

"Hilo ni suala la utekelezaji, mdogo wangu. Leo tuko kwenye dira."

Mke wangu akanyamaza. Mimi ule unyamavu naujua. Ni kama friji linapoacha kunguruma ghafla: asiye fundi hufurahi kwamba kumetulia, fundi huanza kutafuta vifaa.

Mchicha ukang'olewa. Nyanya zilizokuwa ndiyo kwanza zinaanza kuwiva zikafukiwa. Boga moja kubwa Dada alilipiga picha kwanza, kisha akaomba aondoke nalo. Halafu ukazuka ubishi wa maua. Mwenyekiti alisema marehemu Mama alipenda waridi kuliko ua lolote duniani. Dada akasema hapana, Mama alikuwa mtu wa yungiyungi, kila mtu anajua.

"Kila mtu nani?" mke wangu akauliza.

"Wewe ulikuwa mdogo," wakajibu wote wawili, na hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana siku ile.

Mke wangu wakati huo ana miaka arobaini na kitu. Ndiye aliyemwogesha mama yake miezi yote ya ugonjwa. Lakini akishakaa mbele ya kaka na dada yake, ni mdogo, na mdogo hana kumbukumbu.

Yakapandwa waridi, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa kwenye lori. Mwenyekiti akatusimamisha mbele ya benchi kila mmoja aseme neno. Yeye alieleza jinsi baba yake alivyokuwa akimketisha katika bustani hiyohiyo na kumfundisha uadilifu, uvumilivu na utunzaji wa muda. Nilimsikiliza kwa makini. Baba mkwe niliyemjua mimi alikuwa hamalizi sentensi bila kumkemea kuku. Huyu wa kwenye hotuba alikuwa akiongea taratibu, kwa mafungu, na sauti yake ilifanana sana na ya mtoto wake. Dada naye akasimulia Mama alivyokuwa akiimba katikati ya maua, jua likimwangaza usoni. Akalia, tukampa kitambaa.

"Shemeji, na wewe?" Mwenyekiti akaniambia.

"Mimi ni mkwe tu," nikasema.

Kabla hawajaondoka, ikapangwa zamu ya kumwagilia. Siku ya Mwenyekiti ilipofika, aliandika kwenye kundi: "Nimebanwa kidogo. Mdogo wetu anishikie." Siku ya Dada ikaja picha ya ndoo nzuri ya kumwagilia, yenye maua ubavuni, na maneno "Tumwagilie kwa upendo." Mke wangu akamwagilia. Alisema miche haina kosa. Lakini shule zilikuwa karibu kufunguliwa, sare zimelundikana mpaka dirishani, na mboga sasa ilibidi tukanunue sokoni. Siku moja aliporudi na fungu la mchicha uliosinyaa, aliutazama, akatazama zile nyasi, akaweka ndoo chini. Hakuigusa tena.

Nyasi zikageuka rangi ya mkate. Waridi likaingiwa na wadudu, likabaki vijiti.

Hayo yote Mwenyekiti hakuyajua mpaka asubuhi ya uzinduzi, maana kulikuwa na uzinduzi. Alikuwa amewaalika marafiki wa zamani wa wazazi, wale waliobaki. Alipofika na kuona hali ilivyo, akashika kiuno.

"Hii imekuwaje?"

"Suala la utekelezaji," mke wangu akamjibu, akaendelea kuchuja chai.

Hapo nikashuhudia kazi ambayo sijawahi kuiona. Dada alikimbilia dukani kwake akarudi na maua ya plastiki, yale ya kufungia mapazia, akaanza kuyachomeka kwenye vijiti vya waridi, moja baada ya jingine. Mwenyekiti alivua koti, akafungua kopo la rangi nyeupe, akalipiga benchi rangi upya, kwa sababu kunguru walikuwa wamelizindua kabla yake. Ukisimama mbali, ukafumba jicho moja, bustani ilipendeza.

Wageni wakaja, wazee wanaotembea pole pole. Kati yao alikuwamo Bibi wa Geti la Bluu, jirani wa miaka yote, ambaye nyumba yake inapakana na yetu kwa nyuma. Alikuja na kikapu.

Mwenyekiti alisimama, akakohoa, akaanza kueleza ile amani iliyokuwa ikitawala bustani hii siku za wazazi. Alikuwa amefika kwenye "mapenzi yasiyo na doa" bibi aliponyanyua fimbo.

"Samahani, mwanangu. Mchicha uko wapi?"

"Bibi, hii sasa ni bustani ya kumbukumbu."

"Kumbukumbu ya nani?"

"Ya Baba na Mama."

Bibi akageuza shingo, akatazama benchi, akatazama maua, akanyoosha mkono akavuta moja. Likatoka na waya wake. "Wazazi wenu walipandaje plastiki?" akauliza. "Hapa palikuwa na kamba ya kuanikia nguo imevutwa katikati. Upande huu wa mama yenu, ule wa baba yenu. Mmoja akivuka kamba, vita. Baba yenu akipanda miche, jioni mama yenu anaing'oa, eti alidhani ni magugu. Kesho yake baba yenu anapita juu ya vitunguu vya mwenzake, eti macho yamefifia. Mimi miaka yote hiyo sikununua redio."

Wazee wakaanza kucheka. Mmoja akasema hata yeye aliwahi kuitwa kupatanisha, akaondoka na chupi moja kati ya zilizoanikwa kwenye ile kamba imemning'inia begani, na hakuna aliyemwambia.

"Lakini Mama alikuwa akiimba," Dada akasema kwa unyonge.

"Aliimba sana. Aliimba ili asisikie anachosema baba yenu."

Mwenyekiti akajaribu kuokoa jahazi. "Bibi, labda hilo tusiliingize kwenye kumbukumbu."

"Mimi siko kwenye kikao," bibi akamjibu.

Mwenyekiti alirudi nyuma hatua chache, akaketi. Akaketi kwenye benchi. Alipokumbuka rangi na kunyanyuka, suruali yake ya suti ilikuwa imebeba kwenye makalio neno WAPENDWA, kinyumenyume, lakini lilisomeka.

Wageni walikunywa chai wakaondoka wakiwa na furaha ambayo sijaiona katika uzinduzi wowote. Mwenyekiti akajifungia chumbani. Mke wangu akazama kwenye sanduku la nguo, akatoa suruali ya kaki iliyochujuka, yenye viraka magotini alivyovishona kwa mkono wake, na kipande cha kamba badala ya mkanda. Ilikuwa suruali ya shamba ya baba yake. Akaipitisha mlangoni bila kusema kitu.

Alipotoka ameivaa, mimi mwenyewe nilishtuka. Matege yaleyale. Na alipoona inamteremka, aliipandisha kwa viwiko, si kwa mikono, kama alivyokuwa akifanya mzee akiwa na udongo viganjani. Mke wangu alijiziba mdomo akakimbilia jikoni. Nilimfuata. Alikuwa ameegemea sinki, mabega yanamtikisika. Nikadhani analia, na kweli alikuwa analia, ila alikuwa pia anacheka, na tangu tuzike sikuwa nimemsikia akicheka namna ile.

Tuliporudi, Mwenyekiti alikuwa amesimama uani peke yake. Bila suti, bila karatasi mkononi, alionekana mfupi.

"Kila nikimpigia Baba simu," akamwambia mdogo wake, "alikuwa akiniambia ana shughuli, yuko shambani. Shamba lenyewe ndilo hili. Alikuwa anafanya nini humu kutwa nzima?"

"Alikuwa anamngoja Mama atoke nje waanze kubishana."

"Na Mama alipokwenda?"

Mke wangu akaonyesha upande wa pili kwa kidevu. "Aliitoa kamba. Akapanda vitunguu upande wa Mama. Alikuwa akivilaani kila siku, kwamba vinamnukia vibaya, kwamba yeye hajawahi kupenda vitunguu. Lakini alivipanda."

Kwa mara ya kwanza tangu nimuoe dada yake, Mwenyekiti alisikia jambo na hakulitolea ufafanuzi. Alitazama chini muda mrefu, akasukuma nyasi kavu kwa kidole cha mguu.

"Mngeniambia," akasema.

"Ungekuja tungekwambia."

Nilidhani sasa patawaka moto. Badala yake mke wangu akaingia stoo, akatoka na jembe, akamkabidhi. "Shika. Zile nyasi zako uzitoe mwenyewe."

Akazitoa. Alilima vibaya, kama mtu anayeua nyoka, akipumzika kila mara kutazama viganja. Dada alivua viatu vyake vya kisigino, nikatarajia naye atashika jembe, kumbe alikuwa anakusanya maua ya plastiki. Akayafuta moja moja, akayarudisha kwenye mfuko, akisema bado yanauzika. Lakini kabla hajaondoka alimshika mdogo wake mkono pale mlangoni, akamwuliza kama ni kweli Mama aliugua vile muda mrefu. Wakakaa barazani mpaka chai ikapoa, na safari hii wanja ulimwagika wote.

Mwenyekiti alilala kwetu siku mbili. Mbegu za mchicha zilipokuja, aliomba zipandwe kwa mistari iliyonyooka, mke wangu akasema zinamwagwa tu, wakabishana mpaka Bibi wa Geti la Bluu akaleta kiti upande wake wa ukuta. Benchi tulishindwa kulisogeza. Mimi natengenezea mafriji hapo. Lina urefu mzuri, na mteja akisoma maneno yake hanipunguzii heshima.

Alirudi kwake na suruali ile. Hakuiomba, aliondoka tu amevaa. Tukadhani mambo yamekwisha, kundi la simu likawa kimya kwa namna ya kupumzisha roho.

Wiki kadhaa baadaye simu yangu ikaita. Alikuwa mkewe, amerudi safari.

"Shemeji, mlimfanya nini mume wangu?"

"Kwani ana nini?"

"Nimekuta ameng'oa matofali yote ya uani. Yote! Pale nilipokuwa naegesha gari pana shimo. Nikamwuliza hii ni nini, akaniambia nichague upande."

"Ukasemaje?"

Nyuma yake nilisikia jembe likigonga jiwe, na mwanamume akikemea kitu, sijui kama ni jiwe au kuku wa jirani.

"Nimechukua upande wenye kivuli," akasema. "Sasa niambie, shemeji, bamia inapandwaje?"