Alama Nne za Kijani

Cuthbert, mwanangu wa kumzaa, alinifokea mbele ya watu. Hata leo nikikumbuka mwili unanisisimka. Mimi! Kwa ajili ya kipande cha kioo!

Zilikuwa enzi za ruksa, serikali imefungulia biashara kwa kila mtu. Kiwanda cha korosho kilikuwa kimefungwa, wanunuzi wanapanda Newala na magari yao, nasi wanawake tunabangua korosho majumbani. Chuo cha Cuthbert huko Dar nacho kilifungwa kwa mgomo, akarudi na sanduku. Nikadhani kaniletea kanga. Thubutu! Vioo vidogo vidogo, chupa za dawa zinazonuka, na tindikali aliyoazima kwa mwalimu mmoja kule Masasi.

"Shikamoo mama. Naomba usiviguse."

"Marahaba. Na kulala, nisilale?"

Akacheka, akanieleza. Kioo kile upande mmoja kimepakwa madini, ngozi nyembamba hata jicho haliioni, na ngozi hiyo inapitisha umeme. Akikitumbukiza kwenye dawa na kukiunganisha na betri za redio, kinaota rangi ya kijani. Niliona kwa macho yangu haya. Akigeuza nyaya, kijani kinakuwa bluu! Nikamwita Mama Stella, jirani yangu, aje ashangae na yeye.

Lakini rangi ile ilikuwa haishiki. Kioo kikisuuzwa tu, inabanduka yote. Kazi yake ilikuwa kutafuta kitu cha kukipaka kwanza kile kioo, ili rangi ing'ang'anie. Ikishika, walimu wake wanampeleka Ulaya kumalizia shahada. Isiposhika, kazi yote imekwenda na maji. Akajaribu hiki, akajaribu kile, vioo vikaharibika mpaka kikabaki kimoja. Hicho akakisafisha kwa spiriti, akakilaza mezani, akaenda sokoni kununua betri.

Mimi nilikuwa uani nabangua na Mama Stella. Nikaingia ndani mara moja, nikakuta upepo umekijaza kioo vumbi jekundu. Nyumba yangu haikai na vumbi, muulizeni yeyote. Nikakinyanyua, vidole vinne juu, dole gumba chini, nikakipeleka mlangoni nikipulize. Ndipo Cuthbert akatokea.

"Mama! Umeniua! Mikono yote mafuta ya korosho! Huna akili?"

Huna akili. Jamani! Mama Stella akashika mdomo. Mtoto niliyembeba mgongoni, nikamtafunia chakula, ananiambia mimi sina akili!

"Cuthbert," nikasema, "rudia neno hilo, na radhi yangu huna."

Hakurudia. Wala hakuomba radhi. Akakisugua kioo kwa spiriti, akakisugua tena, alama za vidole zikagoma kutoka. Mafuta ya ganda la korosho si mafuta ya kupikia, yanaunguza hata ngozi, yakishauma yameuma. Kwa hasira akakitumbukiza hivyo hivyo kwenye dawa, akaunganisha betri. Nikarudi uani kubangua huku machozi yananitoka.

Mara nikamsikia anaita, sauti imekauka. Tukakimbilia ndani. Alikuwa amekisuuza kioo. Kijani chote kimebandukia kwenye beseni, isipokuwa alama nne. Vidole vyangu! Akasugua kwa kitambaa, akakwaruza kwa ukucha. Vipo pale pale.

"Imeshika, mama! Mafuta ya korosho! Imeshika!"

Mama Stella akapiga vigelegele. Mimi nikajifuta machozi tu. Nilikuwa bado nasubiri kuombwa msamaha.

Cuthbert hakuona hilo. Alikimbilia uani, akachovya kidole chake kwenye mafuta ya maganda. "Yatakuunguza wewe!" nikamkemea. Akachovya tu, akapiga yowe, akakibandika kidole pembeni ya kioo palipobaki wazi. Akakirudisha kwenye dawa. Kilipotoka, alama yake ilikuwa na mistari yote, mizuri, imepangana kama matuta ya mihogo. Akaitazama yake, akatazama zangu. Akasogea dirishani, akatazama tena.

"Mama. Zako hazina mistari."

"Mistari gani?"

Akanishika mkono, akaugeuza kwenye mwanga. Nami nikautazama, na Mungu ni shahidi, sikuwahi kuutazama hivyo. Vidole vyeusi, laini kama mgongo wa kijiko. Hakuna hata mstari mmoja. Nilishtuka kana kwamba mkono si wangu.

"Imekwenda wapi, mama?"

"Nimebangua tangu hujazaliwa," nikamwambia. "Sare zako, viatu vyako, nauli zako za chuo. Ulidhani vilitoka wapi?"

Akakitazama kidole chake kimoja kilichoanza kutoa lengelenge, akatazama vyangu kumi, akaanza kulia.