Injini Isiyojisikiliza

Naftali aliegemeza ncha ya bisibisi ndefu kwenye ubavu wa injini, akaweka mpini sikioni na kufumba macho kama mtu anayeomba. Nasifu, fundi Mganda wa gari la pili, aliacha kompyuta yake akaanza kucheka.

"Mzee, inasema nini leo? Inakusalimia?"

"Inasema upunguze kelele."

"Banange! Yangu haihitaji mganga. Ikiumwa inaandika yenyewe hapa kwenye skrini."

Gereji zote za uchochoro ule wa Ras Al Khor zilijua ugomvi wao. Gari la Naftali lilikuwa la Kimarekani la miaka ya sitini, silinda nane, lita saba, na kabureta kubwa kama sufuria ya ugali wa watu sita. La Nasifu lilitoka kiwandani juzijuzi. Injini yake ilikuwa ndogo kuliko ile ya zamani, lakini ilikuwa na supachaja ya kuisukumia hewa na kompyuta ya kuipimia mafuta. La zamani lilitetemesha mabati ya paa. La kisasa lilikuwa na mbio. Naftali aliujua ukweli huo, ila hakuupenda.

Magari yote mawili yalikuwa ya Shakir, mwenye gereji, Mwarabu wa hapa hapa Dubai ambaye bibi yake alitoka Unguja na kumlea kwa Kiswahili. La zamani alilirithi kwa baba yake, mzee Jaafar. Wiki hiyo alikuwa amesimama mlangoni na kutoa neno lake.

"Fundi, Ijumaa tunayashindanisha, mbio za robo maili. La baba likiachwa mbali kama mwaka jana, naing'oa injini natia ya kisasa. Bodi itabaki ya baba. Khalas, basi."

Bodi itabaki! Ni kama kumwambia mjane kwamba sura ya mumewe ataachiwa. Naftali na mzee Jaafar walikuwa wameiunda injini ile bolti kwa bolti, wakigombana kutwa, wakishirikiana mkate na chai ya maziwa. Hakuwa na kitu kingine cha yule mzee.

Kwa hiyo Alhamisi ile alilegeza distribyuta, kile kikombe kinachogawa moto kwa plagi, akaizungusha kidogo ili cheche ziwake mapema zaidi. Humo ndimo nguvu ilimojificha. Hatari nayo ilikuwa humo humo, kwa sababu cheche zikiwahi mno, mafuta hulipuka kabla ya wakati na kuipiga pistoni nyundo ikiwa bado inapanda. Fundi husema injini inagonga. Injini ya kisasa imefungwa kidude ubavuni kinachosikia kugonga huko, na kompyuta huzichelewesha cheche kabla dereva hajapepesa jicho. Ya zamani haijisikilizi. Sikio lake ni la fundi.

Saa kumi jioni Phyllis, mkewe, alifika kutoka kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja, na chapati na ndengu ndani ya kibakuli.

"Panda," Naftali akamwambia. "Tukaijaribu kidogo kabla ya kula."

Nyuma ya maghala kulikuwa na barabara tupu. Naftali alikanyaga, injini ikanguruma hadi tumboni mwao.

"Hiyo ni nini?" Phyllis aliuliza.

"Nini?"

"Hiyo! Kama mtu anatikisa changarawe kwenye kikombe cha bati."

"Ni barabara."

"Barabara hainyamazi ukiinua mguu."

Naftali aliinua mguu, akakanyaga tena, akatega sikio kwa nguvu zake zote. Alisikia ngurumo tu. Akasimamisha gari kando ya ukuta wa ghala na kuzima.

"Baba Leah," Phyllis alisema, kisha akangoja hadi alipogeuka kumtazama. "Tangu tutoke gereji nimekuita mara mbili. Na kitandani mwaka mzima sasa nalala upande wako wa kushoto. Ulidhani napenda kubanwa na ukuta?"

Naftali alishika usukani kwa mikono miwili ingawa gari halikuwa likienda popote.

"Sikio la kulia limekwisha," alisema mwishowe. "La kushoto linashika ngurumo. Sauti nyembamba zimenitoroka. Leah akiniambia kitu kwenye simu nacheka tu. Sijui hata kama alikuwa analia."

Phyllis alikiweka kibakuli magotini. "Siku moja alikuwa analia. Nilimwambia, 'Baba yako amecheka kwa sababu anajua utayashinda hayo.'"

Naftali akaangalia nje, upande usio na mtu.

"Mwambie Shakir," Phyllis akasema.

"Nikimwambia nitakuwa nimeing'oa injini kwa mikono yangu. Nikirudisha cheche nyuma, tunaachwa. Nikiziacha hapa, labda itavumilia. Ni robo maili tu."

"Isipovumilia?"

Naftali alilijua jibu. Isipovumilia, pistoni itatoboka, na injini ya mzee itakuwa chuma chakavu.

"Injini mimi sizijui," Phyllis alisema, akifungua kibakuli. "Wewe nakujua. Kula."

Ijumaa alasiri, kwenye uwanja wa mbio jangwani, magari mawili yalisimama sambamba. Nasifu alikuwa kwenye la kisasa, amestarehe kama mtu anayesubiri kinyozi. Shakir alikuwa kwenye la baba yake, amevaa helmeti. Phyllis alikuwa amekuja kutazama, amesimama pembeni. Naftali alikuwa bado hajazirudisha cheche nyuma. Aliinama dirishani aseme yalla, nenda, lakini akashika ukingo wa mlango.

"Zima," akasema.

"Unasemaje?"

"Zima gari, arbab, tajiri yangu. Sisikii."

"Kelele zote hizi, husikii nini?"

"Injini. Masikio yangu yamekufa. Nimezisogeza cheche mbele ili tushinde, na jana ilikuwa inagonga. Aliyesikia ni mke wangu, mimi sikusikia. Ukikanyaga itapasuka."

Shakir alizima, akavua helmeti taratibu. Naftali alisimama pale akingoja matusi. Kwenye njia ya pili Nasifu alipiga honi, asijibiwe na mtu.

"Baba naye alikuwa hasikii," Shakir alisema.

"Tangu lini?"

"Miaka yake yote ya mwisho. Ulidhani kwa nini kila akitoka na gari hili nilikuwa nakaa ubavuni mwake?"

"Nilidhani unapenda."

"Nipende nini? Nikitetemeka! Ananambia, wewe ndo masikio yangu, ikigonga nipige begani. Na mimi kugonga khasa sikujui. Tukipita kwenye kokoto nampiga begani, tukipita kwenye tuta nampiga begani. Tangu afe, nikiliendesha nasikia linagonga. Hata likizimwa nasikia. Ndo maana napenda lile la kompyuta, fundi. Lajisikiliza lenyewe."

Naftali alikumbuka jinsi mzee alivyokuwa akimjibu mambo ambayo hakuulizwa, na yeye akidhani ni kiburi cha kitajiri.

"Kumbe miaka yote nilikuwa nagombana na kiziwi."

"Na mimi nimerithishwa kiziwi wa pili," Shakir akasema, na kicheko kikamtoka bila kutaka. "Haya, rudisha kama ilivyokuwa wakati wa baba."

Naftali alifunua boneti, akairudisha distribyuta mahali pake pa zamani na kuikaza.

Halafu wakashindana, na walishindwa vibaya. Gari la zamani liliondoka kwa mngurumo uliowafanya watu washike vifua, lakini kabla ya nusu ya njia la kisasa lilikwishapita, likafika mwisho peke yake. Nasifu alirudi akiimba. Alipoziona nyuso za wenzake akaacha.

Shakir alirudi polepole. Macho yake yalikuwa mekundu. Vumbi lilikuwapo, lakini si la kiasi hicho.

"Haikugonga," alisema. "Nimesikiliza njia nzima, fundi. Haikugonga hata mara moja."

"Basi tunaing'oa lini?" Naftali aliuliza, maana alitaka kulimaliza jambo hilo.

"Nani aing'oe? Ungeweza kuninyamazia, nawe ukaniambia nizime. Injini ya baba ina mtu. Iacheni."

Nasifu alikuna kichwa. "Mzee, ninacho kidude kimoja cha kusikilizia cha ziada. Nikifunge hapo ubavuni, ikigonga taa nyekundu inawaka mbele ya dereva. Hutahitaji sikio, ni jicho tu."

"Unataka kunifungulia disko ndani ya gari la marehemu?"

"Nitaweka taa ndogo, mzee wangu."

"Ndogo kabisa," Naftali alisema, akamshika Nasifu shingoni na kumtikisa kidogo, kama mtu amtikisavyo mdogo wake.

Shakir alimkabidhi ufunguo alirudishe gari gereji, akamfungulia Phyllis mlango wa pili.

"Mama, taa haijafungwa bado. Ikigonga, mpige begani."

"Mwanangu, ruhusa hiyo nimeingoja tangu harusi."

Kabla hawajafika barabara kuu Phyllis alikuwa amekwishampiga begani mara mbili, na injini ilikuwa inanguruma safi kabisa.