Nyundo Moja Mpya

Barua ya chuo kikuu ilikuwa imekaa juu ya kabati pale Matisi wiki tatu, na Mzee Wangila alikuwa ameshawasomea watu nusu ya Kitale. Bintiye Nasike, mwenye diploma ya mitambo, alitakiwa aripoti Jumatatu kusomea digrii. Injinia kamili! Hata muuza maziwa alijua.

Asichojua mzee ni kwamba Kuldip, mwenye karakana ya mashine za kusaga mahindi huko Bungoma, naye alitaka jibu kabla ya Jumatatu hiyo hiyo. "Kuja Jumamosi ufanye kazi siku moja," alimwambia Nasike kwa simu. "Ukipenda, kazi ni yako. Ukikataa, hakuna kununiana."

Basi Nasike akaenda. Kuldip akampeleka Chwele kwa Mama Chesang, ambaye mashine yake ilikuwa imevunjika nyundo moja kati ya zile zinazoponda mahindi ndani. Hiyo si kazi ya kunishinda, Nasike akajiambia. Akafunga nyundo mpya, akakaza nati, akajifuta mikono kwa maringo. Akawasha.

Lo! Mashine ikarukaruka kama mbuzi aliyekanyaga siafu. Unga ukapaa, wateja wakatimka na ndoo zao, Mama Chesang akamwita Yesu kwa sauti.

Kuldip akazima, akacheka mpaka akashika ukuta. "Injinia, hebu niambie. Nyundo mpya inaangaliana na gani?"

Inaangaliana na nyundo kuukuu, iliyolika nusu. Nasike aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Uzito wa vitu vinavyozunguka lazima ulingane pande zote! Si ndilo swali aliloliandikia kurasa tatu kwenye mtihani, akaongoza darasa? Kumbe alilijua kwa kalamu tu. Akabadilisha na ile kuukuu. Mashine ikanguruma vizuri, unga laini ukashuka, na yeye, mweupe hadi kope, akafurahi kuliko siku matokeo yalipotoka. Chuo ataenda, ila mikono itangulie.

Sasa nani angemwambia mzee?

Jumapili Wangila alichinja jogoo wa kumuaga. Nasike akasema yote hata kabla ya kunawa: ataomba chuo kimsubiri mwaka mmoja, aanze kazi Bungoma.

Mzee akaitazama ile barua. "Umeniaibisha Matisi nzima," alisema. Kisha akauliza, "Na hiyo mashine, ilitulia?"

"Ilitulia, baba."

"Ati wewe mwenyewe ndiye uligundua?"

Nasike alitamani kusema ndiyo. "Hapana, baba. Nilionyeshwa."

Wangila akavuta bakuli la kuku. Kwa Wabukusu firigisi ni ya mwenye nyumba, na katika nyumba hii haikuwahi kugusa sahani nyingine. Akaiokota kwa vidole, akaiweka juu ya ugali wa Nasike.

"Kula haraka, bana," akasema, "kabla sijabadilisha nia."