Mrija wa Fundi Seremala

Katika chumba cha wagonjwa mahututi walimwita muuguzi mmoja Mama Taratibu, maana neno hilo lilimtoka kila aliposhika mrija wa kulishia. Alikuwa amepitisha mirija puani mwa watu wengi kuliko nywele zilizombakia kichwani, na upara hakuwa nao. Lakini asubuhi ile, kitanda cha tatu, fundi seremala mmoja mzee alikuwa amemshinda mara mbili.

Homa ya mapafu ilikuwa imemlaza fundi, na siku ya nne hii hajatia kitu tumboni. Mashavu yamebonyea. Mrija ukifika kooni, badala ya kumeza alikaza koo, nao ukajikunja mdomoni. Mara ya pili pua ilitoa damu.

"Jaribu mara moja tu tena," daktari akasema. "Ikishindikana, itabidi tumtoboe tumbo tumlishe kupitia hapo. Na moyo wake, Mama, sidhani utaivumilia dawa ya usingizi."

Kwa kawaida ndugu hutolewa nje kazi hiyo ikianza. Mama Taratibu akafanya kinyume. Akamfuata mke wa fundi kwenye benchi la ukumbini, akamvalisha barakoa, akamwingiza.

"Mama, mwambie mzee ameze. Mimi hanisikii."

Bibi akacheka, cheko la kwanza tangu mumewe alazwe. "Mwanangu, wewe hajakusikia asubuhi moja. Mimi ana miaka arobaini na mitatu hanisikii! Nikimwambia vaa koti, anatoka kifua wazi. Unadhani hicho kifua kimeugua kwa nini?"

"Sasa tufanyeje?"

"Wewe shika mrija wako. Mzee niachie mimi."

Mama Taratibu akapima upya: ncha ya pua mpaka ndewe ya sikio, sikio mpaka chembe cha moyo, akatia alama ya plasta. Akaupaka mrija jeli, akainua kitanda, akamwinamisha mzee kidevu.

"Taratibu, baba. Taratibu."

Mrija ukaingia, ukafika kooni. Koo likakaza vilevile.

"We mzee!" bibi akamfokea sikioni. "Usimeze! Unanisikia? Nakukataza! Ukimeza tu, randa yako nampa mdogo wako!"

Jicho moja likafunguka, jekundu, limejaa ubishi. Kikoromeo kikapanda, kikashuka.

"Nimesema usimeze!"

Akameza tena, safari hii kwa kusudi kabisa. Mrija ukateleza mpaka kwenye alama.

"Umekaa!" daktari akasema. "Maziwa yaje."

"Taratibu," Mama Taratibu akamkata kauli. Alijua mrija huweza kupotea njia ukaingia mapafuni, na maziwa yakimwagwa huko, ndiyo kumzika mtu. Akavuta majimaji kidogo kwa bomba la sindano, akayadondosha kwenye kikaratasi cha buluu. Yakiwa ya tumboni, kikaratasi kitageuka chekundu.

Kikabaki buluu.

Bibi aliyekuwa anafoka sasa hivi akasogea kitandani. Akaukamata mkono wa mumewe, ule mgumu wenye makovu ya patasi, akauweka shavuni. "Mwanangu, vipi?"

"Ngoja, mama. Nimevuta kidogo mno." Akamlaza mzee ubavu wa kushoto, akasubiri kidogo, akavuta tena. Tone likaanguka. Wekundu ukaanza ukingoni, ukatambaa, ukakijaza kikaratasi chote. Mashine ya picha za eksirei ikasukumwa mpaka kitandani kuhakikisha: mrija umelala tumboni, umetulia kama mwenye nyumba.

Ndipo maziwa yakafunguliwa, tone moja moja.

"Mbona yanakwenda kinyonge hivi?" bibi akauliza. "Atashiba lini huyu?"

"Leo hashibi, mama. Leo anaonja. Tumbo lililofunga siku nne haliamshwi kwa kelele."

Bibi akavuta kiti karibu, akayakodolea macho matone yale kama mtu aliyebandika maziwa jikoni anayechunga yasifurike. Kila tone likishuka, alitikisa kichwa kulikubali. Mkono wa mzee hakuuachia.