Kahindi Amekaa

Lori la viazi liliingia soko la Marikiti alfajiri, na mahamali wakajipanga nyuma yake kama kawaida, kila mmoja na kata yake ya gunia kuukuu begani. Kahindi hakujipanga. Alisimama kando ya meza ya Mwanakhamis, muuza mahamri na kahawa, akimtazama Athmani akiinama.

Athmani aliinama vibaya. Alishika kwanza ubavu wa lori, akapumua, ndipo akauteremsha mgongo. Waliokuwa juu wakamlazia gunia la lumbesa, lile linaloongezewa kilemba cha wavu juu yake mpaka linampita mtu urefu. Sheria imelikataza. Bwana Mzamil, msimamizi wa upakuzi, hulipita kila asubuhi na kusalimia watu vizuri.

"Usimkodolee macho hivyo," Mwanakhamis alisema. "Utamtia kijicho."

"Kijicho cha nini? Mgongo ule naujua. Ulikuwa wangu."

Ulikuwa wake kweli. Maumivu ya Kahindi hayakuwa ya nyama. Yalikaa ndani kabisa, chini ya kiuno, na yalimzidi akikaa kitako. Watu walisema ni mshipa. Mkandaji wa mtaa wa Tudor alimkanda kwa mafuta ya nazi, na Kahindi akanywa dawa za mizizi mpaka ulimi ukawa mweusi. Alikula amesimama. Matangani alisimama nje, watu wakasema Kahindi siku hizi ana kiburi, hakai na wenziwe.

Halafu akampata Daktari Fadhiya, binti wa Mji wa Kale, aliyekuwa ameletewa mashine na madaktari wageni. Alimwonyesha picha ya uti wa mgongo wake, pingili mbili zilizoumuka kingoni.

"Mfupa nao una mshipa wa fahamu ndani yake," alimwambia. "Wako unapiga kelele mchana na usiku. Tutaunyamazisha."

Athmani, aliyekuwa amemsindikiza, akasema, "Si n'likwambia ni mshipa?" Hata daktari alicheka.

Wakampenyeza sindano nene mgongoni mpaka ndani ya pingili, wakapitisha waya mwembamba, waya ukapashwa moto, mshipa ukaungua. Basi. Baada ya majuma kadhaa Kahindi alikuwa nyumbani akila sima kwa mchicha, sahani ikaisha, akagundua kwamba amekaa. Alikuwa amekaa tangu tonge la kwanza. Mkewe Sidi alimkuta analia, akadhani chakula kimeharibika.

Muda wote huo kata yake ilibaki kwenye msumari wake, ukutani Marikiti. Ndiyo desturi ya mahamali. Mgonjwa hapotezi zamu ikiwa mwenziwe ataibeba juu ya zamu yake mwenyewe. Athmani aliibeba. Jioni alikuwa akimpelekea Sidi ujira wa mumewe, na hakutaka ashukuriwe. Hapo ndipo mgongo wake ulipokwisha. Daktari Fadhiya alimtazama naye, akakuta mifupa ile ile, maradhi yale yale. Lakini kila waya hutumika kwa mtu mmoja tu, na zilizoletwa zilikuwa zimekwisha.

Leo waliozileta walikuwa wanakuja kumwona aliyepona.

Walifika jua limeshakuwa kali, wazungu wachache wenye kofia, Daktari Fadhiya, mpiga picha, na Rosebella wa ofisi ya matangazo ya hospitali. Kahindi alimshika daktari mikono yote miwili.

"Daktari, mwanangu, Mungu akuweke. Nimekwenda matangani nikakaa mkekani na watu."

Daktari aliinamisha kichwa.

"Vizuri sana," Rosebella alisema. "Sasa Mzee Kahindi, beba gunia moja. Lile kubwa, litaonekana vizuri. Hatua chache tu, ni picha."

"Nimekatazwa."

"Nimemkataza," alisema daktari. "Tumeunyamazisha mshipa, Rosebella. Hatukumpa mifupa mipya."

Rosebella alimvuta Kahindi kando, akateremsha sauti. "Mzee, wageni wakipendezwa wataleta waya nyingine. Si nasikia una rafiki anayengoja?"

Kahindi alimtazama Athmani, aliyekuwa ameegemea nguzo, shati limemganda. Akaenda ukutani, akatungua kata yake msumarini. Daktari akasema, "Mzee Kahindi, tafadhali."

Lumbesa lililokuwa zamu ya Athmani lilikuwa limelazwa chini, nyuma ya lori. Kahindi aliinama, akaweka kata juu yake, akaisawazisha kwa kiganja kama mto. Kisha akakaa.

"Mwanakhamis, nipe kahawa. Nyie pigeni picha. Hiki ndicho nilichokuwa siwezi."

Daktari aliwaeleza wageni. Mzee mmoja kati yao akavua kofia, akaja kumpa Kahindi mkono, na Kahindi akaushika kwa moyo wote. Mpiga picha alipiga.

"Ahsante," Rosebella alisema. "Inuka sasa."

"Kahawa bado. Athmani, ndoo hapa ukae."

Athmani alikuja. Akajishusha kidogo, jasho likamtoka, akarudi juu. "Siwezi, ndugu yangu."

"Mpigeni na huyo," Kahindi alisema. "Huyu ndiye aliyenibebea. Mimi mmenitibu, nitawaombea mpaka nife. Na yeye?"

Mpiga picha alimtazama Rosebella, akateremsha kamera. Rosebella alisema labda mwakani, Mungu akipenda.

Bwana Mzamil alikuwa amesogea, anaangalia wageni huku akitabasamu kwa upande mmoja. "Yakhe, inuka bwana. Gunia lina mwenyewe, mkokoteni wangoja."

"Likatwe kilemba kwanza."

"Nini?"

"Lumbesa hili ndilo lililonila mgongo, sasa lamla Athmani. Sheria unaijua, kila siku unaipita hapa ukiisalimia. Lipunguze, nitainuka."

"Kahindi, mbona wanitia aibu mbele ya wageni?"

"Mimi nimekaa tu, Bwana Mzamil. Daktari amenikataza vitu vizito, na siku hizi hata mimi mwenyewe ni mzito."

Mahamali walicheka. Mmoja aliketi chini, na wa pili akamfuata. Mgeni mmoja aliuliza kuna nini, na Daktari Fadhiya akaanza kumweleza, polepole, bila kuficha neno.

Mzamil akaagiza kisu. Kamba za wavu zikakatwa, viazi vya kilemba vikamwagwa kwenye karai. Kahindi akainuka, akamrudishia Mwanakhamis kikombe, akamwangalia Athmani akiweka begani gunia lililokatwa, akitembea nalo bila kujishikilia popote.

Nyuma ya lori yalikuwa yamelazwa mengine, yote na vilemba vyake. Kahindi aliikung'uta kata yake, akaiweka juu ya lililofuata, akakaa.